Kulia Gia, Kushoto Breki

Plagi mbili tu. Hizo ndizo zilizomtoa fundi nyumbani jioni ile, jua limeshazama na watu wanaanza kuwasha taa madukani. Achukue plagi mbili, azitie mfukoni, arudi ajaribu kwa mara ya mwisho kuiwasha pikipiki iliyokuwa imemgomea miezi minane.

Mara ya mwisho kweli, si ile ya kusema tu. Kesho yake asubuhi mjomba alikuwa anakuja na gari kumchukua mama akakae kwake. Na mama alishasema: akitoka kwenye nyumba ile kabla pikipiki haijawaka, basi yeye alizaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo yuko kaburini.

Ndiyo. Mama mzazi. Na aliyasema mbele ya watu.

Muuza spea alizifuta plagi vumbi kwa pindo la shati, akazisukuma juu ya kaunta. Zamani walikuwa wakitaniana robo saa nzima kabla ya kuuziana hata nati moja. Siku hizi hata machoni hamwangalii.

"Za Mtaliano?"

"Za Mtaliano."

"Mimi nilijua shida imekwisha." Muuza spea akachungulia barabarani, kisha akashusha sauti. "Si nilimsikia jana magharibi, akipita hapa nje? Nikasema afadhali, fundi kashinda."

"Ulisikia nyingine."

"Mimi? Miaka ishirini nauza spea, nisiijue ile sauti? Alipita polepole... akasimama pale, mbele ya duka. Akawa ananguruma tu. Kama mtu anayemngoja mwenzake. Nikatoka nje nimsalimie."

"Ukaona nini?"

"Hamna kitu, bwana. Harufu ya mafuta ya injini, basi." Akaanza kufunga duka, saa ambayo hajawahi kufunga.

Fundi alishika njia ya nyumbani na plagi zake mfukoni, akigeuka nyuma kila hatua kumi. Maana huyo Mtaliano aliyepita jana hakuwa na plagi hata moja. Zote mbili fundi alizing'oa juzi. Ziko kwenye kopo la petroli, juu ya meza yake.

Sasa tuelewane kidogo, kwa sababu habari hii mtaani imesimuliwa ovyo, na kila mwenye mdomo ameongeza chumvi yake.

Baba yao alikuwa dereva wa mhandisi wa Kitaliano aliyekuja kujenga barabara. Mhandisi alipomaliza kazi akaondoka, akamwachia dereva wake pikipiki. Nyekundu, ya mbio, ya zamani hata wakati ule. Silinda moja imelala mbele, nyingine imesimama, na mlio wake unausikia kifuani kabla haujafika sikioni. Watu wakaiita Mtaliano, na jina likakaa.

Mtaliano hakuwa wa mafundi wa haraka haraka. Vali za pikipiki nyingine hurudishwa na springi, ukizisahau zinakuvumilia. Zake zinasukumwa kufunguka na kuvutwa kufunga, na katikati vinakaa vibati vyembamba ambavyo lazima viwe na unene wake halisi, visizidi wala visipungue unywele. Fundi, kifungua mimba wa nyumba ile, alijifunza kuvisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo akiwa na miaka kumi. Asugue, apime, asugue, apime, kutwa nzima. Kabureta mbili alizipatanisha kwa sikio: bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho kayafumba, na ole wako umpigie kelele.

Na jambo jingine, hili lishike vizuri. Pikipiki zote unazozijua, gia iko mguu wa kushoto na breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Mtaliano ni kinyume. Gia iko kulia. Breki iko kushoto. Na gia yenyewe, ya kwanza unainua, nyingine zote unakanyaga kwenda chini. Ukiwa na mazoea ya pikipiki za kawaida, ukashtuka, ukakanyaga mguu wa kulia ili usimame... hujafunga breki. Umeongeza gia.

Ndiyo maana baba, kila alipompakia mtu au kumwazima, alisema kwanza: "Kulia gia, kushoto breki." Na mwenye kupanda lazima aitikie, "Kulia gia, kushoto breki." Hapo ndipo unaachiwa kwenda. Ilikuwa kama kupiga hodi.

Baba alipokuwa kitandani na safari imekaribia, alimwachia Mtaliano mtoto wa mwisho. Kitinda. Kifungua mimba akamwambia, "Wewe unaijua. Lakini mwenzio anaipenda."

Hebu fikiria! Mikono imekuwa myeusi kwa grisi tangu utotoni, kucha hazijawahi kutakata, halafu uambiwe kujua si kupenda. Fundi aliyameza hayo maneno. Alimeza miaka sita, na hayakuwahi kufika tumboni.

Kitinda hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi ijulikane. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mkono, kipenzi cha mama na cha mtaa mzima. Kazi yake utarishi: siku sita anasambaza barua kwa pikipiki ya ofisi, ya kawaida, gia kushoto. Jumapili jioni anamtoa Mtaliano. Na kila Jumapili, fundi, akiwa amechuchumaa kwenye kazi yake, bila hata kuinua kichwa, alikuwa akisema, "Kulia gia, kushoto breki." Na Kitinda alikuwa akiitikia kwa kuimba, kwa kuigiza sauti ya marehemu baba, huku mama anacheka jikoni. Kila Jumapili, miaka sita.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Wateja wamejaa gereji, fundi anawaeleza jinsi vali za Mtaliano zinavyopimwa, anaeleza kwa raha zake, na Kitinda akaingia kati.

"Msimsikilize huyu," akasema, mkono begani kwa kaka yake. "Huyu ni yaya tu. Mwenye mtoto ni mimi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi naye alicheka. Ukicheka na moyo umechomwa, unajua mwenyewe ladha yake.

Kesho yake Jumapili. Kitinda akamwasha Mtaliano, akavaa kofia ngumu, akakaa. Fundi alikuwa anaosha kabureta ya mteja. Mtaliano ananguruma. Kitinda haondoki. Anamtazama kaka yake... anasubiri. Fundi aliyahisi yale macho mgongoni. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Akaendelea kuosha kabureta iliyokuwa imeshatakata.

Dakika nzima.

Kisha klachi, gia, mdogo mtu akaenda zake.

Kwenye kona ya kalavati, ng'ombe akavuka. Walioona walisema kijana hakupunguza mwendo, aliuongeza.

Mkaguzi wa magari akaja, akapima, akaandika: breki nzima, tairi nzima, usukani mzima. Mashine imetunzwa vizuri mno, akasema, hajawahi kuona kitu cha zamani kimetunzwa vile. Na hayo ndiyo yaliyommaliza fundi. Maana kama breki zingekatika, watu wangesema ajali. Breki nzima, dereva mzoefu, barabara kavu... basi ni mkono wa mtu. Na mkono wa nani, kama si wa yule aliyenyimwa urithi? Wakaanza kukumbuka kwamba hata mganga huitwa fundi. "Ni fundi kweli," wakanong'ona, "wa pande zote mbili." Kikulacho ki nguoni mwako, wakasema. Walionong'ona ni wale wale waliocheka Jumamosi.

Fundi hakujitetea. Mabaki ya pikipiki yalipoletwa gereji, kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka mkono kwenye gia.

Ya tano. Ya mwisho kabisa, hakuna nyingine chini yake.

Mdogo wake alikanyaga, akakanyaga, akakanyaga.

Hilo hakumwambia mtu. Si mama, si shemeji yake mjane, si mjomba. Na mama, wiki ya msiba, akasimama mlangoni akatoa hukumu yake: "Iunde upya. Siku itakayowaka mbele yangu, kwa mguu wako, nitajua mkono wako msafi na nitakuita mwanangu. Isipowaka, tusijuane." Tangu hapo hakumwitikia hata salamu.

Basi ndiyo hiyo miezi minane. Alinyoosha fremu, akabadilisha uma wa mbele, akasugua vibati vya vali, akaweka platini mpya. Mtaliano akarudi mzima, mwekundu, anang'aa. Lakini hawaki.

Na kuna kingine. Kila akimaliza kazi fundi huiacha pikipiki kwenye nyutro, bila gia, na kufuli anatia mwenyewe. Kila akirudi anaikuta kwenye gia ya tano.

Jioni ile alipofika, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, fimbo mapajani. Ndani shemeji alikuwa anakunja nguo za mama na kuzipanga kwenye sanduku. Gereji iko ng'ambo ya ua, hatua kumi.

"Shikamoo, mama."

Mama akageuza uso upande mwingine.

Fundi akafungua kufuli, akawasha taa. Harufu ikamvaa mlangoni. Mafuta ya moto. Ile harufu ya injini iliyotoka safari. Na chini yake, nyembamba sana... mafuta ya nywele. Yale ya chupa ya kijani aliyokuwa akipaka Kitinda, aliyotaniwa kwayo na mtaa mzima.

Akasogea. Akanyoosha mkono kwenye eksozi.

Ilikuwa ya moto.

Akaurudisha mkono haraka, akapuliza vidole. Alijiambia ni joto la mabati, jua lilikuwa kali mchana. Akajiambia hivyo huku anajua anajidanganya. Akagusa gia. Ya tano. Akairudisha nyutro kwa mkono, moja moja, na kila moja ikalia *klak*.

Akatoa plagi mpya mfukoni. Akapima cheche: ipo, ya bluu, nene. Akazifunga. Mafuta yapo, yanafika. Pumzi ipo, kiki inakurudishia mguu. Cheche, mafuta, pumzi. Injini ikiwa navyo vitatu haina sababu ya kukataa, ndivyo baba alivyomfundisha. Akapanda, akapiga kiki.

Kimya.

Akapiga tena. Akapiga kumi, ishirini, thelathini. Jasho linamtiririka mpaka machoni. Kila kiki injini inapokea, inazunguka, inameza... halafu inanyamaza. Haikohoi hata kikohozi kimoja. Fundi amefufua injini zilizolala mtoni miaka miwili, na hata hizo zilikohoa.

Akashuka. Akaketi chini, akachukua bisibisi yake ndefu. Hakuna fundi mwenye akili anayeisikiliza injini isiyozunguka. Unasikiliza nini? Lakini mtu akikata tamaa, mikono hufanya ilichozoea. Akaweka ncha kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho.

*Tik... tik... tik...*

Chuma kinapoa. Hivyo ndivyo chuma cha moto kinavyolia kikipoa. Basi ilikuwa moto kweli.

*Tik... tik...*

Kisha ikaacha.

Kisha akasikia pumzi.

Si upepo. Pumzi ya mtu, fupi fupi, imebanwa ndani ya kitu kama kofia ngumu. Alitaka kuondoa sikio, shingo ikakataa.

"Kaka..."

Ilipanda na bisibisi, ikaingia moja kwa moja kichwani.

"Kaka... kulia ni nini?"

Bisibisi ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Fundi akarudi nyuma kwa makalio, akagonga meza akaangusha kopo la petroli, mgongo ukagonga ukuta. Mdomo uko wazi na sauti haitoki.

"Hata leo hajawaka?"

Safari hii mayowe yalimtoka. Aliyeuliza alikuwa shemeji yake, amesimama mlangoni, kanga ya mama imekunjwa mkononi. Alikuwa amekonda tangu msiba. Hakuuliza kwa nini amekaa chini. Aliitazama pikipiki kama unavyomtazama mtu aliyekudhulumu.

"Shemeji," akanong'ona, "nikuulize kitu, na usinidanganye. Kila magharibi inakuja kwangu. Siioni. Naisikia. Inasimama chini ya dirisha, inanguruma. Inasubiri... Halafu inaondoka."

Fundi akaiokota bisibisi sakafuni.

"Nikadhani wewe ndiye unayenitesa. Jana nikakimbia mpaka hapa wakati inanguruma kwangu. Nikachungulia kwenye tundu la mlango. Ilikuwa hapa, imesimama. Na wewe ulikuwa ndani unakula, nilikuona." Akaelekeza kidole kwenye pikipiki. "Inasubiri nini? Wewe si ndiye fundi? Niambie mume wangu anasubiri nini!"

Na fundi alikuwa anajua. Hapo ndipo uchungu ulipo. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyejua. Yalikuwa maneno manne, aliyoyanyima kwa sababu ya utani wa Jumamosi.

Akajua na la pili pia. Akiyasema mbele ya mama, mama ana masikio. Ameyasikia hayo maneno kila Jumapili kutoka jikoni, tangu enzi za mumewe. Mtaliano akiwaka kwa maneno yale, mama hatauliza kwa nini amewaka. Atauliza kwa nini siku ile hayakusemwa. Na asipoyasema, kesho gari la mjomba linakuja, na yeye hana mama.

Kaa na neno hilo moyoni, utaungua. Litoe nje, utaungua.

"Kamwite mama," akasema.

Mama akaja, fimbo inagonga ua, shemeji kamshika kiwiko. Akasimama mlangoni mwa gereji, hakuingia. Miezi minane hakuwahi kukaribia pale. Pua yake ikacheza kidogo. Aliisikia ile harufu ya mafuta ya nywele, fundi aliona, maana midomo ya mama ilianza kutetemeka.

Fundi akapanda. Akashika usukani kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa kuelekea tangi, akasema, si kwa sauti kubwa:

"Kulia gia... kushoto breki."

Kimya. Hata wadudu wa uani walinyamaza.

Halafu, kutoka mahali pasipojulikana, chini ya tangi, chini ya miguu yake, ndani ya kifua chake, ikaitikia. Kwa kuimba. Kwa kuigiza sauti ya mzee.

*Kulia gia, kushoto breki.*

Shemeji akatoa ukelele akajiziba mdomo. Fundi akapiga kiki.

Moja tu.

Mtaliano akawaka. Gereji nzima ikatetemeka, spana zikaanza kucheza ukutani, vumbi likamwagika kutoka kwenye mabati. Sauti safi, iliyopangika, silinda zote mbili zinavuta sawa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya maishani mwake. Machozi yalimtoka fundi kama mtoto. Akageuka.

"Mama! Imewaka, mama!"

Mama hakuwa anatabasamu.

"Jumapili ile," akasema, na ingawa injini ilikuwa inanguruma, kila neno lilifika. "Nilikuwa nachambua mboga. Nikasikia injini imewaka. Nikangoja niwasikie. Nikangoja... Nikasema labda masikio yangu yamezeeka." Akasogea hatua moja. "Ulisema?"

Fundi angeweza kudanganya. Nani angebisha? Aliyekuwepo yuko kaburini. Lakini kiti kilikuwa kinatetemeka chini yake, na alihisi kwamba si yeye peke yake anayesubiri jibu.

"Sikusema, mama."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Alikusubiri?"

"...Alinisubiri."

Shemeji akaketi chini pale pale kwenye vumbi, kanga ya mama kwenye uso. Mama alisimama wima. Hakulia. Alimtazama mwanawe mkubwa kwa muda mrefu, akaitazama na pikipiki.

"Niliahidi," akasema. "Imewaka kwa mguu wako. Basi wewe ni mwanangu." Akavuta pumzi. "Na yule naye alikuwa mwanangu. Sasa niambie, mimi nifanye nini na nyinyi?"

Akageuka. Shemeji akainuka akamfuata. Fundi akawasikia wanavuka ua, fimbo na kandambili, kisha mlango wa jikoni, kisha komeo. Komeo la ndani.

Akazungusha ufunguo kuzima.

Haikuzima.

Akauchomoa kabisa. Ananguruma. Akashuka, akang'oa waya wa plagi ya mbele, ukampiga shoti mpaka begani. Akang'oa na wa nyuma. Mtaliano anaendelea vile vile, taratibu, hana haraka. Fundi akarudi nyuma na nyaya mbili mkononi.

Springi za nyuma zikashuka. Polepole, kama mtu mzima anapokaa. Kiti kikabonyea, lakini si katikati. Mbele, karibu na tangi. Mwenye kukaa pale alijibana sana, kama anayeacha nafasi.

*Tak.*

Kikanyagio cha abiria, cha kushoto, kikafunguka chenyewe.

*Tak.*

Na cha kulia.

Fundi alibaki ameegemea ukuta mpaka injini ilipochoka kusubiri ikanyamaza yenyewe. Hakumwita mtu. Angemwita nani?

Asubuhi mjomba alikuja. Mama alimruhusu fundi abebe sanduku mpaka kwenye gari, akaitikia salamu yake mbele ya mjomba, na akamwita mwanangu kama alivyoahidi. Lakini mkono hakumpa, na gari lilipoondoka alikuwa anatazama mbele. Siku hizi fundi akipiga simu, anapokea shemeji, ambaye siku nyingi hushinda kwa mama. Anasema mama amelala. Saa yoyote utakayopiga, mama amelala.

Kwa shemeji pikipiki haiji tena. Wala muuza spea haisikii. Inawaka pale pale gerejini kila magharibi, bila plagi, tangi kavu, na vikanyagio vya abiria vinafunguka. Mwanzoni ilikuwa inasubiri dakika moja. Sasa inafika nusu saa. Wateja wamehama wote. Fundi anawaambia wachache wanaomsalimia kwamba kelele zile si mbaya ukizizoea, na kwamba kwa kweli mashine inaita vizuri sana, waje wasikilize.

Juzi alionekana kwa muuza mitumba anachagua kofia ngumu. Alizijaribu nyingi, akachukua moja kuukuu. Muuza mitumba akamwambia hiyo haifai, haina kioo, upepo utampiga usoni.

Fundi akamwambia haidhuru, yeye anakaa nyuma.